Mapanki

Minza alikuja na simu, akaitumbukiza kwenye bilauri
ili bilauri imsaidie kupaza.
"Shangazi, sikia ngoma hii!"
Nikasikia nyuki ndani ya kopo.

Sikumcheka. Miaka kumi na tisa nilisimama kiwandani,
buti za mpira, kisu mkononi,
sangara akinijia mzima, akiondoka minofu:
myeupe, bapa, isiyo na jina, tayari kupanda ndege.
Kichwa, mkia na uti wa mgongo vilitokea mlango wa nyuma
ambako mama zetu walipanga foleni na ndoo.
Mapanki.
Nyama ilikwenda ng'ambo.
Utamu tulibaki nao sisi, tukiufyonza mifupani.

Basi nikamwambia mtoto wa kaka yangu:
hicho ulicho nacho ni minofu.
Kuna mtu amekaa na kisu, amekata
kila alichodhani hutakihitaji,
ili wimbo uenee kwenye simu, simu ienee mfukoni.
Njoo nikuonyeshe samaki.

Chumba changu kimepanda mgongoni mwa jabali, Mabatini.
Ukuta mmoja ni jiwe lenyewe.
Ule wa pili nimeuvika magunia ya pamba
niliyoyapata kwa bei ya kutupa kinu kilipofungwa,
maana jiwe lina mdomo, hurudisha kila neno,
na pamba haina umbea.
Spika mbili za mninga. Nilimlipa fundi Magesa kidogo kidogo
mwaka mzima na Ramadhani yake.
Wenzangu walijenga, mimi nikanunua waya.
Wakasema Nyanzala karogwa.
Huenda.

Tulingoja umeme ukatike.
Ulipokatika, mashine ya kusaga ya jirani ikakata roho,
redio za mtaa zikafuata moja moja,
nami nikavuta betri ya lori kutoka uvunguni.

"Sasa sikiliza kwanza kisichopigwa."
"Hakuna kitu, Shangazi."
"Hicho hicho. Kishike."

Sindano ikashuka.
Gitaa likasimama kushoto, karibu na mtungi wa maji.
Besi ikakaa sakafuni, ikanyoosha miguu.
Mwimbaji akaja katikati, kimo cha mtu mzima,
na Minza, bila kujijua,
akajisogeza kando kumpisha.

Nikanyamaza. Mtu akila usimsemeshe.

Mara akanong'ona: "Amevuta pumzi."

Pumzi ile mimi siisikii tena.
Majokofu ya kiwanda yalinguruma
hadi yakala ncha za masikio yangu:
kayamba, mwisho wa neno "basi",
mvua nyembamba inapoanza kugusa bati.
Najua tu mahali ilipo,
kama ujuavyo ngazi za kwako gizani.
Nikaitikia kwa kichwa, shahidi wa uongo.

"Na kuna kiti," akasema.
"Kiti gani?"
"Pale karibu na mwisho. Kimelia.
Kuna mtu alitaka kusimama, akaghairi."

Miaka thelathini na moja ninayo santuri hii.
Nimeifuta vumbi kuliko nilivyowahi kumfuta mtoto.
Sijawahi kusikia kiti.

Nikairudisha sindano.
Nikainama mpaka shavu likagusa mbao.
Gitaa. Sauti. Gitaa.
Minza akanishika mkono, akasubiri, akaubana:
"Hapo."
Sikusikia kitu, ila vidole vyake.
"Tena," nikasema.
"Hapo."

Umeme ukarudi, mashine ikaurudia unga wake.
Nikampa chai, akanywa haraka, akaaga.
Kutoka mlangoni nilimsikia akiteremka mawe,
simu mkononi, nyuki wakilia,
kisha, karibu na bomba la maji,
wakanyamaza.

Labda chaji iliisha.
Sikuuliza.