Saa Yangu Yasema Sina Tija

Saa kumi na mbili na robo, digrii tisa chini ya sifuri,
nafunga kamba za viatu kwenye ngazi za ghorofa ya pili
na Oiva anakohoa mlangoni kwake, ndiyo salamu yake.
Ana miaka sitini na minne, na nyuzi za chuma kifuani
zilizofunga walichokifungua madaktari mwaka juzi.
Mimi napeleka barua. Miguu yangu
inazijua ngazi zote za Jyväskylä kwa majina.

Kocha wa klabu alitupa kanuni moja tu:
kimbieni mwendo ambao mtu ataweza
kusimulia kisa kizima bila kukatika pumzi.
Basi tunalizunguka ziwa, tunasimulia.
Theluji inalia chini ya nyayo kama bisi sufuriani.
Wenye mbwa wanatupita.
Juzi mama mwenye kigari cha mtoto alitupita,
akatuomba radhi.

Nikirudi, hata glavu sijavua, saa inatetemeka:
"Hakuna tija."
Mshale mwekundu, kichwa chini.
"Uwezo wako unashuka. Jaribu kuongeza kasi."
Imehesabu mapigo, imehesabu hatua na urefu wake,
hata usingizi wangu imeupa maksi, arobaini na moja kwa mia,
kama mwalimu wa hesabu aliyekosa chai.
Nami, mtu mzima, bibi wa wajukuu wawili,
nimesimama jikoni najitetea
mbele ya kioo kisichozidi biskuti:
sikuchoka, nilitakiwa niende hivyo,
mwendo ndio huo, kamuulize kocha.

Haikusikia, pale kwenye daraja la reli,
Oiva alipotaja jina la mwanawe.
Miaka kumi na tisa tunapakana ukuta,
sikuwahi kulisikia.
Alilitaja mara moja, akanyamaza,
tukakimbia kilomita nzima na jina hilo katikati yetu
bila yeyote kulikanyaga.
Mapigo mia na kumi na nane, ndivyo ilivyoandika.
Zoezi jepesi. Faida: sifuri nukta nne.

Kisha Februari, Jumanne,
barafu imefunikwa theluji mpya kama mtego.
Oiva aliteleza, nikacheka, naye akacheka,
akaketi, akashika kifua,
na kicheko kikabaki usoni pake bila mwenyewe.
Simu yangu ilikuwa nyumbani. Yake ilizimwa na baridi.
Nilimfunika koti langu nikatimka
hadi kituo cha mafuta, kilomita moja na ushee,
mdomo wazi, kope zikiganda.
Sikusimulia chochote.

Usiku, kwenye benchi la hospitali, mkono ukatetemeka.
Nilidhani ni mimi.
"Hongera! Rekodi mpya ya kilomita moja.
Una tija. Endelea hivi hivi."
Fataki ndogo, kijani na zambarau, zikaruka juu ya kioo
mbele ya mlango uliofungwa.
Niliivua, nikaisokomeza ndani ya kiatu,
nikakaa na mguu mmoja wa soksi
hadi muuguzi aliponijia na kusema: yu hai, analalamikia supu.

Aprili sasa. Ziwa linavunjika mabamba mabamba,
linagonganagongana kama vyombo vinavyooshwa.
Oiva ameruhusiwa dakika ishirini, kutembea tu.
Saa nimeivaa tena. Sina sababu ya maana;
pale mkononi pana alama nyeupe, nayo ilinikera.
Tunakwenda. Yaani, mguu wake mmoja unakwenda,
wa pili unafikiria.
Kwenye daraja la reli anashika chuma,
anavuta pumzi ndefu, anatazama maji meusi
kati ya barafu na barafu.
"Alikuwa na miaka minane," anasema,
na saa inalia kwa sauti yake nyembamba:
"Zoezi limesimama. Je, umemaliza?"

Naishusha mikono ya sweta hadi kwenye vidole.
"Endelea," namwambia Oiva.