Kiti cha Saba

Alhamisi, kabla ya saa moja jioni,
Zulmira hupanga viti mwenyewe.
Hataki nimsaidie.
Saba, ingawa tumebaki watu sita
tangu Firmino aache kuja, bila kuaga.
Nilipotaka kukiondoa kiti chake akasema,
"Kiache. Wanakihesabu."
Boksi la tishu huliweka sakafuni, katikati.
Anayelia hamkabidhi karatasi:
mkono wenye haraka, aliniambia,
husema *nyamaza* kwa adabu.

Ndivyo ninavyojifunza kazi hii, hapa Covilhã,
juu ya kiwanda cha sufi kilichofungwa,
chumba kinachonuka kondoo kila mvua ikinyesha,
mimi na daftari nililokatazwa kulifungua.

Belmiro huanza. Belmiro huanza kila wiki.
Miaka thelathini na moja alisimamia mitambo ya kufuma
na maneno yake bado yanapiga hivyo, huku na huku:
mkewe, mwanawe aliyeko Lyon, goti, mkewe.
Mimi ningemkatiza.
Au, kwa woga, ningemwachia saa nzima.
Zulmira humngoja avute pumzi,
kisha huwageukia wengine, si yeye:
"Belmiro akizungumza, ninyi mnakuwa wapi?"

Kimya.
Nahesabu. Ishirini. Arobaini. Kwapa zinalowa.
Yeye ametulia
kama mtu aliyetega sikio mlangoni kwa mtoto mwenye homa.
"Mimi huwa sokoni," anasema Adérito. "Nachagua viazi."
Wakacheka. Belmiro hakucheka,
halafu akacheka, vibaya, kwa pua.

Wiki ile ya theluji, Zulmira alikosea.
Alimwita Leonilde "Otília".
Leonilde, ambaye mama yake mzazi
alimwita maisha yote kwa jina la dada aliyekufa.
Niliuona uso ukiteremka kama shata la duka.
Nilidhani atalipita, kama tunavyoyapita sote.
"Nimekuita jina lisilo lako," akasema. "Nimekosea.
Usiniambie si kitu."
"Si kitu," akasema Leonilde.
"Ni kitu," ikasema sauti nisiyoijua.

Otília.
Wiki tisa hakuwa ametoa hata kikohozi.
Mikono mapajani, vidole vinane;
viwili vililiwa na mtambo akiwa na miaka kumi na sita.
"Ni kitu. Nilisikia jina langu
nikafurahi. Hata kwa makosa.
Nikaona aibu kufurahia."

Mwalimu wangu hakusema vizuri sana, Otília.
Hakuinama mbele. Hakuuliza unahisi nini.
Alirudisha kiti chake nyuma, inchi mbili,
chuma kikakwaruza saruji,
na Leonilde akamgeukia mwenzake
pasipo kumtazama kwanza Zulmira.
Belmiro, ee Belmiro,
aliubana mdomo kwa ngumi akangoja.
Boksi la tishu likasukumwa kwa miguu,
buti hadi kiatu, kiatu hadi ndara ya sufi,
hakuna aliyelishika, likafika.

Saa mbili na nusu. "Muda wetu umekwisha,"
akasema, katikati ya sentensi ya Leonilde.
Nilimchukia.

Ngazini nikamuuliza: hata dakika tano?
Alikuwa akitafuta glavu mifukoni.
"Ningempa tano, Alhamisi ijayo angezilinda roho juu,
asijue leo zipo au hazipo.
Sasa analala akijua sentensi yake iko wapi."
Akapekua mkoba.
"Nami ninaye ninayemwendea, Jumatatu, kule Fundão.
Nitamweleza kuhusu lile jina.
Otília ni jina la shangazi yangu. Sijui. Nitaona."

Glavu hazikuwepo. Akarudi juu.
Alichelewa, nikamfuata kwa vidole vya miguu.
Taa moja tu ilikuwa ikiwaka.
Glavu zilikuwa mkononi tayari,
naye ameketi, koti mwilini,
kwenye kiti cha Firmino,
akitazama kile chake, kilivyoonekana kutoka pale.