Ukurasa wa Kumi na Tano

Gazeti lilifika Tanga saa saba, na basi la Dar,
limelaliwa njia nzima na magunia ya vitunguu.
Fundi Mhando hakusoma vichwa vya habari.
"Hivyo ni vya wenye haraka."
Alikwenda ukurasa wa kumi na tano, pembeni, chini,
penye kisanduku kidogo kuliko tangazo la dawa ya kunguni.

Majina, mkwaju, dakika. Basi.

Pale Barabara ya Kumi na Moja,
kati ya baiskeli zilizopinduliwa miguu juu,
alinifundisha kuutazama mpira
ambao hakuna kati yetu aliyeuona.

"Kupaza mkwaju Lusozi, thelathini na moja.
Hapo mtu kaumia. Hakuna kocha anayekasirika
kabla ya mapumziko."
"Njano mbili ndani ya dakika tatu:
hao walikuwa wakigombana, si wakicheza."
"Mlangoni elfu themanini tu, Jumapili, mechi ya watani?
Mvua hiyo. Na kama ni mvua,
bao la dakika ya tisini lilimteleza kipa.
Msimlaumu."

Tukaacha kumlaumu,
kipa wa Mbeya tusiyemjua hata sura.

Chambi muuza samli alibisha kila wiki:
"Karatasi haina jasho, Fundi."
Fundi akakandamiza kidole cha grisi juu ya matokeo.
"Sasa inalo."

Mwanawe alikuwa kiungo wa timu moja ya kule Shinyanga.
Barua haandiki. Simu, tena ya jirani, hupiga siku ya Idi.
Ila kila Jumatatu, ndani ya kisanduku,
lilikuwapo jina la babake
kwa herufi za ukubwa wa sisimizi,
upande huu wa mkwaju au ule:
kaanza, katolewa, kaingia. Yu hai.

Kisha macho ya Fundi yakaingia ukungu
(mwenyewe alisema ni moshi wa gundi),
nikawa mimi ndiye msomaji.

Jumatatu moja jina halikuwepo.
Ya pili, halikuwepo.
Ya tatu nilivuta pumzi, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji:
"Ngwatu mkwaju Mhando, dakika ya sabini na nane."

Gurudumu alilokuwa akilinyoosha likasimama.

"Kampokea Ngwatu?"
"Ndiyo, Fundi."
"Ngwatu ana njano tatu. Wewe mwenyewe ulinisomea.
Ya tatu ilikuwa wiki jana, dakika ya sita.
Jana huyo alikuwa jukwaani anakula karanga."

Nikaanza kuzihesabu spoki.
Hakunigombeza. Alifuta mikono kwa kile kitambaa
kilichozidi kuichafua.
"Soma tena," akasema. "Soma kilichopo."

Nikasoma. Kipa, mabeki,
watoto kumi na mmoja wa watu wengine,
mkwaju, dakika, mwamuzi kutoka Tabora.

"Na wa akiba? Wale ambao hawakuingia?"
"Hawakuandikwa, Fundi. Nafasi haikutosha."
"Haikutosha."
Aliligeuza neno lile kama mtu aliyerudishiwa chenji
akihofia kuihesabu mbele ya mwenye duka.
"Basi yumo humo humo, ambamo hapakutosha."

Chambi alikuwa amefika, amesimama na ndoo yake ya samli,
na kwa mara ya kwanza hakubisha.

"Mlangoni walipata ngapi?"
"Elfu sitini na mbili."
"Mvua," akasema Fundi,
akachukua pampu, akajaza tairi la Chambi
mpaka likawa gumu kama jiwe, akaendelea kujaza.

Ulikuwa mwezi wa nane. Shinyanga.
Mwezi wa nane kule huchimba mchanga wa mto kutafuta maji.
Nililikunja gazeti.
"Mvua kubwa, Fundi," nikasema.