Hezi Elfu Nne

Bei yake sikuitaja nyumbani.
Nilisema tu: vya masikio, vimetoka Kampala,
na mama Ayikoru akakitazama kile kisanduku
kama anayetazama ng'ombe wawili na ndama
waliokunjwa wakatosha kiganjani.

Ndani ya kila kimoja mna spika saba,
hakuna hata moja inayofikia punje ya mahindi.
Najua punje. Mwaka wa kumi na tisa nasaga, hapa Oli,
dizeli ikinguruma tangu alfajiri,
mihogo ya kila siku, mtama wa sikukuu,
na wateja husema nami kwa vidole:
debe moja, madebe mawili,
laini, usiniachie chenga.

Unga ni adui mpole.
Hauvunji, hauchubui. Hukaa.
Ukikaa kwenye wavu wa kile kinywa chembamba
upande wa kushoto huanza kunong'ona,
na mwimbaji huhama taratibu
kutoka katikati ya kichwa kwenda bega la kulia.
Basi kabla ya kuvaa nanawa hadi viwiko
kama aendaye kuswali.
Mswaki wa mtoto mchanga, kinywa kikitazama chini,
uchafu udondoke, usisukumwe ndani.
Usiku navilaza na vile vifuko vya chembe kavu
nilivyowaomba wauza viatu,
maana Agosti ya Arua huotesha ukungu hata kwenye mkanda.
Waya wa fedha, nyuzi nane zilizosukwa,
umegeuka kijani pale unapopinda nyuma ya sikio.
Jasho langu hilo. Nimeuacha.

Mpira wa kuziba ulinila mwezi mzima.
Mdogo, besi yote ikamwagika.
Mkubwa, nikajisikia nikimeza mate.
Wa sifongo, wa kati: unauminya, unaungoja
uvimbe polepole ndani ya tundu,
na mashine ya jirani ikazimika bila kuzimwa.
Nikakaa juu ya gunia.

Kisha kuvilinganisha sauti, kazi isiyo na mshahara.
Nilikuwa na adungu iliyorekodiwa Pakwach,
nyuzi tisa, na mtu akikohoa kabla ya ubeti wa pili.
Besi niliishusha desibeli mbili, ilikuwa inajisifu.
Kikohozi nilikipata chote, hadi kohozi lake.
Uzi wa juu kabisa nikaukosa.
Nikapandisha hezi elfu nne. Kidogo.
Kesho yake, kidogo.
Mfungo ulipokwisha, ule mstari kwenye simu
ulikuwa umeota mlima mrefu kama Wati,
na uzi ukang'aa, nikasema: sasa vimekaa sawa.
Nikaringa. Nikamwita binti yangu.

Ayikoru, miaka kumi na mmoja, alivaa,
akavichomoa kabla sijaondoa kidole.
"Baba, inauma! Kama mtu anakwangua sufuria!"

Nilivitazama. Havikuwa na kosa.
Niliitazama mashine, imezimwa, nyeupe tupu, haina habari.
Mlima wote ule ulikuwa shimo.
Kila asubuhi nilikuwa nalichimba kwa dizeli,
kila usiku nalijaza kwa kidole,
nikauita utamu.

Sasa mna mipangilio miwili.
Wa kwake ni tambarare, karibu kama kiwanda kilivyouacha.
Wangu nimeukata nusu, kwa shingo upande,
maana kupaza ni kuchimba.
Na mashineni navaa viziba masikio vya rangi ya chungwa,
wateja wananicheka; siwasikii wakicheka,
wala biashara haijapungua, vidole vingali vidole.

Siku nyingine, chakula kikishaliwa,
yeye huchukua cha kushoto, mimi cha kulia,
kwa mpangilio wake.
Nyuzi nane zinanifikia.
Ya tisa ikipigwa, huinua kidole kimoja hewani,
bila kunitazama, kama mteja mwenye haraka.
Debe moja.
Naitikia kwa kichwa.