Neno la Kumi

Okiror amekalia jerikeni, miguu ameitanua
kama mwenyekiti wa kamati.
Ni mlinzi wa duka la mbegu hapa Soroti, hana cheo,
lakini usiku wa leo yeye ndiye Bodi.
"Jina?"
Asekenye Loyce, afande.
"Nyoosha mgongo. Jina halisemwi kwa kuinama."

Mezani nimepanga cheti cha sekondari,
pembe moja imepungua, panya aliionja;
barua ya mwenyekiti wa kijiji, muhuri umevuja wino
hadi jina la babu likawa doa;
picha ndogo nne, nyuso nne zisizocheka.
Viatu ni vya shangazi Amongin, vinanizidi namba moja.
Nimevishindilia gazeti nchani,
basi kesho nitaingia kwenye usaili
nikikanyaga habari za juzi.

"Kwa nini unataka upolisi?"
Kulinda raia na mali zao.
"Mia tatu watasema hivyo kesho, mstari mmoja, jua moja.
Wewe sema lako."
Langu?
Langu ni mshahara. Langu ni karo ya mdogo wangu.
Langu ni baiskeli yetu iliyoibwa:
nilifika kituoni, nikaambiwa niende kwanza
nikanunue karatasi ya kuandikia maelezo.
Hilo la karatasi nalo nilitaje?
Bodi inajikuna kidevu.
"Litaje. Ila kwa upole."

Mpaka hapo tulikuwa kwenye Kiingereza, kile cha kukariri.
Sasa Kiswahili, anasema,
watakurushia ghafla, kama yai, waone kama utalidaka.
Nasimama. Nakaza sauti:
Simama hapo! Toa kitambulisho!

Jikoni, kifuniko kinaanguka.

Kwa Kiteso mama huitwa toto.
Sikuwahi kulitazama neno hilo kwa macho ya lugha hii
mpaka nilipomwona mlangoni,
pasi ya mkaa mkononi, cheche zikimdondokea miguuni
asizihisi,
mdogo, mdogo kabisa,
kama aliyesikia kitu gizani.

Hajui Kiswahili, ndivyo tulivyosema siku zote.
Hajasoma. Daraja la Awoja halivuki ila kwa matanga.
Kumbe anacho. Kidogo, amekifunga
kama sarafu kwenye pindo la nguo:
"Lala chini. Toa yote. Funga mdomo. Wewe, panda gari."
Maneno tisa. Nimeyahesabu.
Aliyapata kwenye kizuizi cha barabara, mwaka ule ng'ombe walipokwisha,
akiwa na umri wangu na debe la mtama kichwani.
Hakutokea mtu wa kumpa la kumi.

Okiror anashuka kwenye jerikeni, anajifanya anatafuta kiberiti.
Mama anakaa pale.
Anauliza kwa Kiteso, bila haraka:
Ukinikuta njiani usiku, sina kitambulisho,
neno lako la kwanza ni lipi?

Nafungua daftari.
Ukurasa wa haki za mtuhumiwa.
Ukurasa wa mbio, urefu, uzito, meno.
Ukurasa wa vyeo, konstebo hadi kule juu nisikofika.
Halimo.

Nje pikipiki inapita, taa yake inafagia ukuta,
inamfagia mama usoni, inaondoka.

"Pole," nasema.
Sauti imenitoka nyembamba, si ya afande.
"Pole kwa safari, mama. Unakwenda wapi?
Twende, nikufikishe."

Anarudia: po-le.
Analiweka ulimini kama chumvi ya duka jipya,
hajaamua.

Haniambii kama nimepita.
Analowesha kidole kwa mate, anagusa pasi, inalia tss.
Analigeuza shati langu jeupe upande wa pili.
Kola, anasema.
Kola ndiyo watakayoiona kwanza.