Barazani Maskati, Mwaka wa Vita vya Suhari

Siku ya tatu mjumbe wa Marekani
alikuwa bado kwenye kiti kirefu cha kungojea,
koti la sufu limefungwa hadi shingoni, katikati ya kiangazi,
jasho likimchuruzika juu ya vifungo vya shaba.
Mimi, Shekue bin Mbaruku, mzaliwa wa Siyu,
mkalimani kwa mshahara wa tende na riali mbili,
nilimpepea kwa adabu, si kwa mapenzi.

"Babu yangu," akaniambia, "naye alingoja hivi.
Parisi, wakati wa vita vyetu na Mwingereza.
Alikwenda kuomba baruti na merikebu,
akakalishwa ukumbini vipupwe viwili.
Kifaransa alifundishwa na mabawabu.
Viatu vilitoboka soli; akavijaza magazeti."
Akacheka. Nami nikacheka kidogo, kikazi.
Sikujua kwamba hata mataifa
huzaliwa yakibisha hodi.

Alasiri mlango ukafunguliwa.
Karatasi ilikuwa na vifungu tisa.
Amani, hiyo rahisi.
Ushuru, tano kwa mia, rahisi zaidi.
"Milele" ndiyo iliyonitoa kijasho:
Kiarabu kina milele ya Mungu na milele ya sokoni.
Nikaandika ya sokoni.

Waziri akauliza, akizungusha pete:
"Bunduki hizi mtakazotuuzia,
na wale waliojifungia ngomeni Suhari mtawauzia?"
Mjumbe akaitazama kalamu.
Akatazama dirishani: ukuta wa Jalali, kunguru wawili.
Hakusema kitu.
Mkalimani hulipwa kwa maneno,
lakini kimya kile nacho kilikuwa kinaningoja mimi.
Nikakitafsiri: "Anasema ndiyo."

Waziri akatabasamu,
kama aliyekutana hatimaye na mfanyabiashara mkweli.
Akatia muhuri.

Usiku ule zikashushwa robota arubaini za nguo,
ile nyeupe butu inukayo wanga,
ambayo wapagazi waliiita merikani
kabla wino wangu haujakauka.

Ndugu yangu Bwanaheri alikuwa Suhari,
kwenye handaki la upande wetu, akichimba.
Walimleta Matrah Jumatano, juu ya ngamia.
Nikaenda dukani kwa Baniani, nikapima dhiraa.
"Imara hii," akaisifu bidhaa yake, "mgeni katuletea. Haichaniki."
Nikavuta kwa mikono miwili.
Kweli, haikuchanika.
Ikabidi niombe mkasi.