Mbele ya Kiwanda

Kiwanda hakipo. Hilo tuliweke wazi kwanza.
Kilibomolewa mwaka niliozaliwa,
dohani ikaangushwa kwa kamba, matofali yakauzwa,
na pale vilipochemshwa vifukofuko vya hariri
leo pana duka la dawa
na maegesho ya magari arobaini.

Lakini taa ya barabarani haijaambiwa.
Chini ya nyekundu kuna kibao cheupe, herufi za buluu:
Kojo-mae. Mbele ya Kiwanda.
Huku kaskazini taa husimamishwa wima
ili theluji ikose pa kukaa.
Jina limepata.

Ofisini kwetu, chumba cha ramani, tuligombana kutwa.
Tetsuhei alishikilia: jina limetundikwa kwenye taa,
liandike kwenye taa.
Ipi? nikamwuliza. Zipo nne.
Ukiliandika kwa zote, ramani itaropoka
kama mlevi anayejitambulisha mara nne mlangoni.
Chagua moja, basi.
Chagua wewe, ndugu yangu: watoto wanne wa baba mmoja,
nani utamvua ubini?

Bwana Kusakabe akapuliza chai yake ya shayiri.
Liwekeni katikati, akasema, njia zinapokatana.
Katikati! Katikati hasimami mtu.
Pana mfuniko wa mtaro, basi.
Tukaahirisha. Jina tukalisukuma kwenye kisanduku cha maelezo,
ambako majina huenda kulala.

Februari, usiku wa barafu,
Orie Hatakeda, miaka themanini na miwili,
aliteleza akavunjika nyonga.
Simu alikuwa nayo.
Uko wapi, mama?
Mbele ya Kiwanda.
Kiwanda gani?
Mbele ya Kiwanda, mwanangu, Mbele ya Kiwanda!
Kijana wa zamu, mgeni wa mji, akatafuta kiwanda.
Akakipata: cha tofu, kilomita sita,
na gari la wagonjwa likaenda kupiga honi
kwenye lango lililofungwa, mbele ya paka.

Dakika ishirini na sita
alilala chini ya kibao kilichosema alipo,
uso wake ukigeuka mwekundu, ukigeuka kijani,
mwekundu tena.

Alipona. Nilimpelekea machungwa,
na kwa aibu nikamwuliza swali la ofisi:
lile jina ni la taa, au ni la njia panda?
Akacheka mpaka akashika nyonga.
Taa? Taa ilikuja juzi!
Sisi tulikuwa tukikutana pale alfajiri, wasichana mia na ushei,
vidole vimebabuka kwa maji ya moto,
tukisubiri king'ora.
Tulikuwa tukisema, ningoje Mbele ya Kiwanda.
Taa ilikuta jina limesimama,
ikaliegemea.

Usiku ule nilifungua ramani.
Taa nne nikaziacha ziwe taa, bila neno.
Kisha nikachora umbo, si nukta:
pembe zote nne, vivuko vya miguu,
kituo cha basi, ukingo alipoangukia Orie.
Humo ndani nikaandika jina, mara moja,
kama lilivyo kwenye kibao, si kama ningependa liwe,
na kando yake namna linavyotamkwa,
kwa ajili ya kijana wa zamu.
Mita mia mbili mbele ipo nyingine,
Mbele ya Kiwanda Mashariki.
Nayo nikaipa umbo lake. Si mtoto wa mtu.

Mwezi wa tano manispaa ikaja na winchi.
Magari yamepungua, walisema, watu wamehama,
alama ya kusimama inatosha.
Waliondoka na taa, na nguzo, na kibao.
Tetsuhei akanipigia: tufute?

Nikazifuta taa, moja, nyingine, nyingine, ya mwisho.
Jina sikuligusa.